Motokari Italala Wapi Usiku?

Juma hili tumepata barua ya kikundi kimoja cha likelemba hapa Lubumbashi. Hatukutaka kuwajibu pembeni, kwa sababu swali lao ni la wengi. Ni wamama kenda. Wanne kati yao wanashuka Kasumbalesa siku tano kwa juma kwa biashara ya mpakani. Wanatoka mbele ya jua na wanarudi jioni. Kwa miaka miwili kikundi kimeweka feza kidogo kidogo ili waache kulipa taksi za watu, wanunue motokari yao wenyewe, na mmoja wao anayejua kuendesha awe shofere. Sasa mwuzaji mmoja amewaletea motokari ya umeme iliyokwisha kutumika. Bei iko chini kuliko walivyotazamia, na amewapa muda mpaka mwisho wa mwezi. Amewaambia hawatanunua esansi tena maishani. Nusu ya kikundi wanataka kulipa kesho, nusu wanaogopa. Wanatuuliza: tuchukue ya umeme, au ile ibridi ya kuchomeka, au turudi kwa ya esansi tuliyoizoea?

Feza ya wamama kenda kwa miaka miwili si jambo la kuchezea. Tumekaa na swali hili, tumeuliza wanaojua umeme na wanaojua motokari, tumepiga hesabu kwenye karatasi. Tutawaonyesha hesabu yenyewe, ili kila kikundi kiirudie kwa njia yake na kwa nyumba yake.

Kwanza tutofautishe majina, maana wauzaji wanayachanganya. Motokari ya umeme haina tanki wala injini ya esansi. Ina betri kubwa chini ya sakafu, na betri ikiisha inasimama. Ibridi ya kawaida, kama Toyota Prius tunayoiona sana mjini, haichomekwi popote. Unaweka esansi tu, na betri yake ndogo inajijaza yenyewe wakati unafunga breki au unateremka, kisha inaisaidia injini. Ibridi ya kuchomeka iko katikati: ina betri ya kiasi unayoichaji nyumbani, ambayo inakupeleka kilometa 30, 40, au zaidi ya 60 kwa zile mpya, na ikiisha injini ya esansi inashika kazi. Mwuzaji akikuambia "ni ibridi", mwulize mara moja: inachomekwa au haichomekwi? Mwombe akuonyeshe mdomo wa kuchomekea kwa macho yako.

Sasa hesabu. Kwenye karatasi za motokari hizi mtaona kilowati na kilowati-saa, na watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Sisi tunaosimama na bidoni kwenye bomba tunaweza kuelewa haraka. Kilowati-saa ni maji yaliyo ndani ya pipa. Kilowati ni unene wa mdomo wa bomba. Ukiwa na pipa kubwa na bomba jembamba, utakesha hapo. Betri ni pipa, na prizi ya nyumbani kwako ni bomba.

Toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilometa 90 hivi. Kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka mjini kuwachukua wenzako na kuwarudisha, tuseme 190 kwa siku. Motokari ya umeme ya kiasi, yenye watu wanne na mizigo yao, inakula karibu kilowati-saa 18 kwa kilometa 100. Kwa hiyo siku moja ya Kasumbalesa ni kilowati-saa 34. Lakini umeme hauingii wote kwenye betri, mwingine unapotea kama joto njiani, kama maji yanayomwagika kati ya bomba na bidoni. Konteri yako itahesabu karibu 38.

Prizi ya kawaida kwenye ukuta ni volti 220. Kable nyingi zinazokuja na motokari hizi zinavuta ampea 10. Zidisha: ni kilowati 2,2. Gawanya 38 kwa 2,2 na utapata zaidi ya saa 17. Wamama hawa wanarudi magaribi, wanaondoka mbele ya jua. Wana saa kumi za usiku, na hiyo ni kama umeme haukukatika hata kidogo. Kila mmoja wetu anajua ni usiku ngapi kwa mwezi umeme unakaa mpaka asubuhi kwenye mtaa wake. Hatuhitaji kuambiwa.

Hapo ndipo tunapoona swali lenyewe lilipo. Wengi wanaanza kwa kuuliza motokari inakwenda kilometa ngapi. Sisi tunawaomba muulize kwanza: italala wapi? Ni lupango ya nani, prizi gani, umeme unafika saa ngapi na unaondoka saa ngapi? Fanyeni hivi kabla hamjaenda tena kwa mwuzaji: kwa majuma mawili, mama ambaye motokari italala kwake aandike kwenye daftari kila usiku saa umeme ulipokuja na saa ulipokwenda. Huhitaji mtaalamu, ni kalamu tu. Mwisho wake hesabu usiku ule mbaya zaidi, si usiku wa katikati, kwa sababu usiku mbaya ndio utakaowaacha wanne njiani kesho yake.

Kuna dawa ya bomba jembamba: kuvuta laini ya pekee kutoka kwenye konteri, kable nene, ampea 32, ambayo inatoa kilowati 7. Hapo zile kilowati-saa 38 zinaingia kwa saa tano na nusu. Hata umeme ukikatika saa tatu kati ya usiku, bado unaweza kujaza. Hii inabadili kila kitu. Lakini inadai mambo matatu: nyumba iwe yenu au mwenye nyumba akubali, laini ya mtaa iweze kubeba mzigo huo bila taa za majirani kufifia, na feza ya fundi wa kweli iwe tayari. Ukisikia "motokari ni dola kadhaa", ujue laini hiyo haimo kwenye bei.

Tukae kidogo kwenye habari ya konteri, kwa sababu hapa tunaona ugomvi kutoka mbali. Wengi wetu tunaishi kwenye lupango yenye familia tatu au nne juu ya laini moja, na mwisho wa mwezi tunagawana. Frijideri au konjelateri ya nyumbani inakula kilowati-saa moja, moja na nusu kwa siku. Usiku mmoja wa motokari hii ni sawa na konjelateri yako kwa siku zaidi ya ishirini. Jirani aliyekubali kugawana sawasawa hatakaa kimya muda mrefu, na atakuwa na haki. Ikiwa mnachagua njia hiyo, wekeni konteri ndogo ya pembeni kwa motokari peke yake tangu siku ya kwanza, kila mtu aione.

Na hatari ya moto. Pasi inavuta umeme mwingi, lakini kwa dakika chache. Motokari inavuta ampea 10 bila kupumzika saa nane, kumi. Prizi iliyolegea, waya mwembamba wa taa, kiungo kilichofungwa kwa plastiki: hivi vyote vinavumilia pasi, lakini haviwezi kuvumilia usiku mzima. Vinapata joto, vinayeyuka, na watoto wamelala chumba cha pili. Ralonji ni mbaya zaidi, na ralonji iliyozungushwa kwenye roli yake ni mbaya kuliko zote, maana joto halina pa kutokea. Mtu yeyote atakayechaji motokari nyumbani, iwe ya umeme au ibridi ya kuchomeka, awe na prizi ya pekee yenye kable nzuri, dijonkteri yake mwenyewe, na waya wa ardhi uliofika kweli ardhini. Tunaomba msipunguze feza hapo. Bora kupunguza kwenye viti na redio.

Turudi kwenye motokari waliyoletewa. Kwa maelezo yao ni Nissan Leaf ya zile za kwanza, ambazo zilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 na betri ya kilowati-saa 24. Ni motokari nzuri kwa kazi iliyotengenezewa, yaani mji wenye lami na umeme. Wakati ikiwa mpya, Wamarekani waliipima kilometa 117 hivi. Betri yake inapozwa na hewa tu, haina maji ya kuipoza, na kwa miaka inapungua, hasa kwenye joto. Pembeni ya kipimo cha betri kwenye dashibodi kuna vijiti vidogo, kumi na viwili ikiwa mpya. Havionyeshi umeme uliomo leo; vinaonyesha ukubwa wa pipa lililobaki. Wamama wametuambia motokari yao ina vijiti tisa. Vijiti tisa ni kusema robo ya pipa, au zaidi kidogo, imekwisha kufa. Zimebaki kilowati-saa kama 17, na kwa mwendo wa watu wanne na mizigo hizo ni chini ya kilometa 100.

Itafika Kasumbalesa siku njema, na betri karibu tupu. Haitarudi. Ili irudi, lazima ichomekwe kule saa nane, kila siku, kwenye prizi ya mtu, na umeme wa kule uwepo. Wamama wapendwa, kwa njia hii msiinunue, hata akipunguza bei mara mbili. Bei yake ni ya chini kwa sababu hiyo hiyo, na kubadilisha betri kunaweza kukaribia au kupita bei ya motokari nzima.

Tunasema hivi kwa sababu ya usiku pia. Motokari ya esansi ikikauka njiani, mtu anapanda pikipiki na kuleta bidoni. Ya umeme ikikauka hakuna bidoni. Na nyingi kati yake haziruhusiwi kuvutwa kwa kamba huku magurudumu yanayosukuma yakizunguka chini, maana mota inaweza kuharibika. Lazima ipandishwe juu ya motokari nyingine. Wanne na mizigo, magaribi, kati ya mpaka na mji. Mnaijua njia ile.

Je, ibridi ya kuchomeka? Wengi wanadhani ni jibu la katikati, na kwa safari ndefu ya kila siku wanakosea mara nyingi. Tuchukue Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013 na betri ya kilowati-saa 12. Kwa kweli inakupa kilometa 40 hivi za umeme. Kwenye zile 190 za Kasumbalesa zinabaki 150 za esansi, na sasa ni motokari nzito inayobeba betri tupu, inakula litri 7 au 8 kwa kilometa 100. Ni litri 11 kwa siku, juu ya umeme wa usiku. Ibridi ya kawaida isiyochomekwa, nyepesi, inayokula litri 5 kwa 100, inamaliza njia yote kwa litri 9 na nusu, na haikudai prizi wala laini wala ugomvi wa konteri. Motokari ya zamani ya esansi peke yake, inayokula 9 kwa 100, inataka litri 17. Kwa hiyo jibu letu kwa kikundi hiki ni ile isiyosifiwa na mtu: ibridi ya kawaida, yenye mahali pa mizigo nyuma, iliyopimwa betri yake. Inawapunguzia esansi karibu nusu kuanzia siku ya kwanza, na usiku umeme ukikosa, mnalala.

Lakini badilisha njia, jibu linabadilika. Mama anayekaa Lubumbashi na kufanya kazi Kipushi anakwenda kilometa 30, anarudi 30. Hapo ibridi ya kuchomeka iko nyumbani kwake. Ikiwa ni ya hizi za karibuni zenye betri ya kilowati-saa 18 au 20, anaweza kumaliza siku nzima bila tone la esansi, na umeme wake unaingia kwa usiku mmoja hata kwenye prizi ya ampea 10. Ukikatika saa mbili, tatu, anamalizia na esansi, wala hajui tofauti isipokuwa sauti. Akumbuke tu kuichaji kweli. Tumeona watu waliolipa zaidi kwa ajili ya kuchomeka, kisha kable inakaa kwenye kofa mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo amenunua uzito.

Likasi ni kilometa 120, kwenda na kurudi 240. Hapo ya umeme inataka betri ya kilowati-saa 60 au zaidi, na laini ya kilowati 7 isiyokosa. Kolwezi, iliyo mbali kilometa 300 hivi, si safari ya kila siku, tuiache.

Na kuna wamama ambao motokari ya umeme inawafaa kweli, hata kwa Kasumbalesa. Ni wale ambao nyumba yao iko kwenye laini ambayo haikatiki kirahisi, wana lupango yao wenyewe, na wana uwezo wa kununua yenye betri ya kilowati-saa 60 iliyo karibu mpya. Hao wataona faida kubwa. Haina mafuta ya injini ya kubadilisha, haina mshipi, breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe inapunguza mwendo. Na kwenye foleni ya malori mpakani, pale ambapo motokari ya esansi inakunywa ikiwa imesimama, ya umeme haili karibu chochote, isipokuwa umewasha baridi. Tunawapongeza, hatuwaonei wivu (kidogo tu).

Wengine watasema: tutachaji kwa gurupe. Gurupe ndogo ya esansi inatoa kilowati-saa mbili hivi kwa litri moja. Kilowati-saa mbili, ukiondoa zinazopotea, zinakupeleka kilometa kumi. Motokari ya esansi ya kawaida inakwenda kumi na moja kwa litri ileile, bila kelele ya usiku kucha. Gurupe ni kwa siku ya taabu, si kwa kila siku.

Paneli za jua zina maana zaidi, lakini tazameni saa. Jua liko mchana, na mchana motokari iko Kasumbalesa. Paneli juu ya nyumba ya Lubumbashi zingehitaji betri nyingine kubwa ya nyumbani ili zishike umeme mpaka usiku, na kwa kilowati-saa 38 tunazungumza juu ya paneli kama 20 za wati 500. Ni feza ya motokari ya pili. Kikundi kikubwa kinachoweza kuweka paneli pale motokari inaposimama mchana, kule kwenye depo ya mpakani, kingefanya jambo la akili. Na hata bila paneli, ulizeni: mahali motokari inaposimama toka asubuhi mpaka alasiri, kuna prizi nzuri, na mwenyewe anakubali kulipwa? Saa saba kwenye prizi ya kawaida zinaingiza karibu kilometa 80. Mara nyingi watu wanahesabu usiku na kusahau mchana.

Neno moja juu ya betri zenyewe, maana linatugusa. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Kongo, na karibu yote inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Kati yetu kuna wanaoosha mawe, kuna wenye waume na watoto kwenye mashimo. Inaondoka hapa kwa malori, inarudi ndani ya kitu ambacho hatuwezi kukinunua. Hili ni la siku nyingine, nasi tutaliandika. Kwa leo mjue kwamba kuna betri za aina mbili kubwa: zenye nikeli na kobalti, na zile za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti kabisa, kama za motokari nyingi za BYD za China. Kwa matumizi yetu hizi za pili ni nzuri: zinavumilia joto vizuri zaidi na zinavumilia kujazwa mpaka asilimia 100 kila siku. Zile za nikeli na kobalti, wenye kuzitengeneza wanashauri kila siku kuishia karibu 80, ili zisizeeke haraka. Ukihesabu kilometa zako kwa betri ya namna hiyo, hesabu kwa 80.

Yule atakayenunua iliyotumika, ya umeme au ya ibridi, asikubali kuzungushwa dakika tano kwenye mtaa. Mwambie mwuzaji aijaze mpaka 100. Andika kilometa za dashibodi. Panda na wenzako wote, kwa sababu uzito ni sehemu ya kipimo, mwende kilometa 40 kwa mwendo mtakaokwenda kila siku. Tazama asilimia iliyobaki. Ikiwa kilometa 40 zimekula asilimia 20, betri yote ni kama 200. Zikila 40, ni 100. Msitazame namba ya kilometa ambayo motokari inakisia yenyewe. Ile inabadilika kulingana na aliyeendesha jana, na shofere mwenye hila anaweza kuipandisha kwa kwenda polepole. Asilimia hazibembelezwi. Mafundi wengine wana kifaa kidogo wanachokichomeka chini ya usukani ili kusoma afya ya betri kwa asilimia. Mlipeni aje, ni feza ndogo mbele ya ile mnayotaka kutoa. Kwa ibridi ya kawaida, fundi huyohuyo atasoma betri yake ndogo, na atazame pia feni na matundu ya hewa ya kuipoza, ambayo kwa Prius yako pembeni ya kiti cha nyuma: yakizibwa na vumbi au kufunikwa na mizigo, betri inapata joto na kufa mapema. Wamama wa mizigo, hilo liandikwe mlangoni.

Tazameni na kable. Motokari nyingi zinatufikia kutoka Japani, zinashuka Dar es Salaam na kupitia Zambia. Nyumba za Japani zinatumia volti 100, na kichwa cha kable yao hakiingii prizi zetu. Soma kibandiko kwenye boksi ya kable: lazima kiseme 220 au 240. Mdomo wa kuchajia nao si mmoja. Wa Japani, wa China na wa Ulaya haviingiliani. Ukinunua bila kable, unaweza kukaa na motokari isiyojazika. Na lugha ya skrini mara nyingi ni Kijapani au Kichina. Omba waibadilishe kabla hujalipa, wakishindwa ujue utaishi na picha tu.

Kuhusu mafundi: ndani ya motokari hizi kuna kable za rangi ya machungwa. Ndani yake mna mamia ya volti, zinaua. Fundi wa kawaida na kwado wanaweza kubadilisha matairi, amortisa, breki. Wasiguse rangi ile. Kabla ya kununua, tafuteni fundi mmoja mjini anayezijua na mseme naye uso kwa uso. Ukikosa hata mmoja, hilo ni jibu pia. Na angalieni umbali kati ya sakafu na ardhi, maana betri iko chini, na mashimo ya mvua hayachagui.

La mwisho ni kwa kila lupango yenye watoto. Ya umeme na ibridi zinaporudi nyuma polepole hazina sauti ya injini. Watoto wetu wamezoea kusikia motokari na kukimbia pembeni, hii hawataisikia. Wekeni sheria tangu siku inapoingia: mtu mzima anasimama nyuma kila inapotoka asubuhi, hata kama ni giza, hata kama mmechelewa, na watoto waonyeshwe mahali pa kusimama. Kable ya kuchajia isipite pale wanapochezea.

Kikundi cha Kasumbalesa, tunangoja daftari lenu la majuma mawili, lileteni siku ya posho kwenye mkutano, hata kama mmekwisha kuamua kuchukua ibridi ya kawaida. Mtaa wenu hauna umeme mmoja na mitaa mingine, na namba zenu zitawasaidia wenzenu. Mwuzaji akiwaharakisha na mwisho wa mwezi wake, mwambieni motokari ikiwa nzuri, safari ya kilometa 40 haitamchukua hata saa moja.